Epoksi kwenye sakafu ya gereji: Kinachoifanya ishike na kinachoifanya ibambuke

WENYE nyumba wengi katika vitongoji vya Nairobi, Mombasa, Nakuru na Eldoret hawaioni tena gereji ya nyumbani kuwa banda la kulaza gari tu. Ni stoo, ni karakana ya Jumamosi, ni mahali pa watoto kuchezea mvua inaponyesha, na msimu wa sherehe viti hupangwa humo wageni wakakaa.

Hapo ndipo sakafu yake inapoanza kumkera mtu. Zege tupu hutoa vumbi kila linapofagiliwa, hunywa mafuta ya injini yasitoke tena, na baada ya miaka kadhaa huanza kumomonyoka pale magurudumu yanapogeukia.

Rangi ya epoksi, ambayo kwa miongo mingi ilijulikana zaidi viwandani, hospitalini na kwenye maghala, sasa huuzwa pia kwa mwenye nyumba wa kawaida. Ikipakwa sawasawa hudumu miaka mingi, hainywi mafuta, na uchafu wake hutoka kwa kitambaa kilicholoweshwa. Ikipakwa ovyo hubambuka kama ganda la kitunguu, wakati mwingine kabla mwezi haujaisha, na fedha zilizotumika hazirudi.

Tofauti ya hali hizo mbili aghalabu haimo ndani ya mkebe. Imo katika sakafu yenyewe, na katika siku chache za matayarisho ambazo fundi mwenye haraka huziruka.

Haikauki, inageuka

Rangi ya kawaida hutoka mkebeni ikiwa tayari. Epoksi huja katika mikebe miwili. Mmoja una resini, na wa pili una kigumishi, yaani dawa ya kuigandisha. Vikikutana, molekuli za kimoja hushikana na za kingine zikafanya wavu mmoja mgumu usioyeyuka tena. Haikauki kama nguo kambani. Inageuka kuwa kitu kingine.

Resini inayotumika zaidi hutokana na kemikali mbili, bisfenoli A na epiklorohidrini, nacho kigumishi aghalabu huwa cha jamii ya amini. Mjerumani Paul Schlack aliomba hataza ya kemia hii mwaka wa 1934, na katika miaka iliyofuata Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani wakaiendeleza, kila mmoja kivyake. Msomaji aliyewahi kuunganisha kikombe kilichovunjika kwa gundi ya Araldite, ile ya tyubu mbili, ameshaitumia epoksi kwa mikono yake. Gundi hiyo ilioneshwa kwa umma mjini Basel, Uswisi, katika miaka ya 1940.

Kushikana huko kwa molekuli kunaeleza kosa moja linalofanywa na mafundi waliozoea kunyoosha bodi za magari. Pati ya gari huganda upesi ukiiongezea dawa, kwa kuwa dawa ile ni ya kuchochea tu. Kigumishi cha epoksi si kichocheo; ni nusu ya pili ya kitu chenyewe. Ukikizidisha, kilichozidi hukosa mwenzake kikabaki laini ndani ya rangi. Ukikipunguza, resini ndiyo inayobaki ikinata. Kipimo kilichoandikwa kwenye mkebe, kiwe mbili kwa moja au nne kwa moja, hufuatwa kama kilivyo, na hupimwa kwa chombo, si kwa jicho.

Maji yanayopanda kutoka chini

Zege huonekana gumu na kavu, lakini ndani limejaa vinyweleo vidogo mno. Unyevu wa ardhini hupanda kupitia vinyweleo hivyo ukatoka juu kama mvuke. Sakafu tupu huuachilia mvuke huo bila mwenye nyumba kujua. Ukishaifunika kwa epoksi, unyevu hukwama chini ya utando na kuusukuma juu. Ndipo yanapotokea malengelenge ambayo mengine, yakitobolewa, hutoa maji yenye utelezi wa sabuni.

Kwa hivyo swali la kwanza si rangi gani inunuliwe, bali chini ya zege kuna nini. Mjenzi mwangalifu hutandika karatasi nzito ya nailoni juu ya mawe yaliyoshindiliwa kabla ya kumwaga zege. Aghalabu hutumia ile ya geji 1000, ambayo unene wake ni robo milimita. Ikiwa gereji iliongezwa baada ya nyumba kuu kukamilika, ni jambo la busara kumuuliza aliyeijenga kama karatasi hiyo iliwekwa. Palipo na udongo mweusi wa mfinyanzi, kama katika sehemu nyingi za Kitengela na Syokimau, ardhi hushika maji kwa muda mrefu baada ya mvua, na upungufu wa namna hiyo haufichiki.

Kupima si kazi ngumu. Kata nailoni inayopitisha mwanga, sentimita 45 kwa 45, uibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne pasibaki mwanya, kisha uiache kwa saa zisizopungua 16. Ukiibandua ukakuta matone upande wa chini, au zege limeiva rangi kuliko lilivyo pembeni, usipake. Rudia kipimo hicho mahali patatu au panne, hasa karibu na kuta na pale ambapo maji ya mvua huingilia.

Hata hivyo, kipimo hiki hueleza hali ya siku hiyo tu. Sakafu iliyofaulu mwezi wa Februari yaweza kushindwa Mei, masika yakishailowesha ardhi. Anayetaka uhakika na apime wakati wa mvua, hata kama atapaka kiangazi.

Zipo rangi za kwanza za epoksi zilizoundwa kuvumilia unyevu, nazo husaidia ikiwa unyevu ni wa kiasi. Penye maji yanayopanda waziwazi, ni nafuu kuachana na epoksi kabisa na kulaza vigae kwa saruji, au kuliacha zege liendelee kupumua.

Nalo zege jipya lina subira yake. Hupewa siku 28 lipate nguvu, lakini kupata nguvu si kukauka. Wajenzi hukadiria mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, hivi kwamba bamba la milimita 100 huhitaji takriban miezi minne. Anayekimbilia kuhamia nyumba mpya kabla ya Krismasi ndiye anayenaswa hapa.

Niru iliyong'arishwa

Hapa kwetu kuna jambo ambalo maelezo ya mikebe iliyotoka ng'ambo hayalitaji kamwe. Fundi wa Kenya hupenda kumalizia sakafu kwa niru. Hutandaza uji wa saruji tupu, au hunyunyiza saruji kavu juu ya sakafu mbichi, kisha huisugua kwa mwiko wa chuma mpaka ing'ae. Wengine huongeza rangi nyekundu, nao wenye nyumba huipaka nta kila wiki.

Kwa miguu mitupu na tambara la kupigia deki, niru ni kazi nzuri sana. Kwa epoksi ni msingi mbaya. Ni tabaka jembamba, laini, lililoshikamana na zege la chini kwa shida. Epoksi huikamata niru barabara. Kisha tairi lenye joto linapovuta, niru yenyewe hung'oka ikaenda na rangi.

Atakaye kujua kwa nini sakafu yake ilibambuka na akigeuze kipande kilichong'oka, autazame mgongo wake. Akiona tabaka la unga wa kijivu au mwekundu limeganda hapo, rangi ilishika vema, kilichoachia ni niru. Akiona mgongo safi unaong'aa, basi sakafu haikukwaruzwa, au ilikuwa na mafuta, nta au unyevu. Ukaguzi huu hauchukui dakika moja, na humwepusha mtu na hasara ya kununua rangi ile ile mara ya pili.

Dawa ya niru ni kuisaga mpaka zege lenyewe litokee. Kazi hii hufanywa kwa mashine ya kusagia sakafu yenye meno ya almasi, ambayo hukodishwa kwa siku. Kwa gereji ya gari moja hata grainda ya mkononi yenye gurudumu la almasi hutosha, mradi anayeishika awe na mgongo wa kuinama kutwa. Sakafu iliyosagwa vizuri, ukiipitishia kiganja, hukwaruza kama msasa.

Vumbi la zege lina silika, na mapafu yakilivuta kwa wingi huharibika yasipone tena. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Itumike barakoa yenye kichujio cha vumbi laini, na mashine ifungiwe kifyonza vumbi au sakafu iloweshwe wakati wa kusaga.

Baadhi ya watu hutumia asidi ya haidrokloriki, ile inayouzwa madukani kwa ajili ya kusafishia vigae, badala ya kusaga. Huweza kufaa zege tupu lisilo na niru wala nta. Asidi haili nta, haiyeyushi mafuta, na hulowesha sakafu ambayo baadaye italazimu kusubiriwa ikauke kwa siku kadhaa. Mwandishi wa makala haya angependekeza kusaga, pale fedha zinaporuhusu.

Asiye na budi kuitumia asidi na azingatie haya. Asidi humiminwa ndani ya maji, si maji ndani ya asidi. Sehemu moja kwa sehemu tatu au nne za maji. Mlango uwe wazi, na macho na mikono ifunikwe. Ikishamaliza kutoa povu, sakafu isuguliwe, imwagiwe maji yaliyochanganywa na soda ya kuokea ili kuiua asidi iliyosalia, kisha isuuzwe tena na tena. Asidi hiyo isikutanishwe kabisa na Jik wala dawa nyingine ya kung'arisha nguo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na katika chumba kilichofungwa gesi hiyo huua.

Kama sakafu imetayarishwa, nyunyiza matone ya maji. Yakinywewa upesi na doa kuiva, vinyweleo viko wazi. Yakikaa juu kama shanga, kazi haijaisha.

Madoa ya mafuta

Doa la mafuta ya injini hupaswa kuondolewa kabla ya kusaga, la sivyo mashine hulisambaza. Sabuni kali ya kuondolea grisi, maji moto na brashi ngumu hutosha kwa doa changa. Kwa doa la miaka mingi, unga unaonyonya huweza kupakwa juu yake kama lepe na kuachwa usiku kucha, na zoezi hilo kurudiwa. Ikiwa mafuta yamezama sana, ni heri kulichimba zege la mahali hapo kwa tindo na kujaza upya.

Mafundi wengine huosha doa kwa petroli. Petroli huyalainisha mafuta yakazama zaidi, na mvuke wake huweza kuwaka kwa cheche moja ya swichi.

Nyufa nyembamba zilizotulia huzibwa kwa lepe la epoksi na kupigwa msasa. Ufa unaozidi kupanuka ni habari ya msingi wa nyumba, si ya rangi.

Siku yenyewe ya kupaka

Epoksi nyingi hutaka joto la kati ya nyuzi 10 na 30 za selsiasi. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, asubuhi za Nairobi, Limuru na Nyahururu huwa baridi kiasi cha kuichelewesha kuganda, au kuifanya itoe juu yake utando mwembamba kama nta unaonata. Utando huo huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya koti la pili. Ukiachwa, koti la pili halitashika.

Pwani tatizo ni jingine. Hewa yenye joto la nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80 huanza kudondosha umande juu ya kitu chochote chenye nyuzi 24 au chini yake. Kanuni ya wapakaji ni kwamba sakafu iwe na joto la angalau nyuzi tatu zaidi ya hapo, yaani 27. Sakafu ya Mombasa iliyo kivulini alfajiri yaweza kuwa chini ya kiwango hicho bila jicho kuona umande wowote.

Saa nazo zina maana. Asubuhi jua likilipasha zege moto, hewa iliyo vinyweleoni hupanuka na kutoka, ikitoboa vitundu katika rangi mbichi. Alasiri, zege linapoanza kupoa, hewa hutulia. Kwa gereji inayopigwa na jua, saa tisa hadi kumi za alasiri ni wakati mwafaka, mradi umande wa usiku usiikute rangi ingali mbichi.

Kabla ya kufungua mkebe, mtungi wa gesi, jiko na chochote chenye moto vitolewe nje. Rangi zenye thina hutoa mvuke unaowaka.

Resini na kigumishi huchanganywa kwa dakika tatu hivi, polepole ili kutoingiza hewa, huku kuta na kitako cha ndoo vikikwanguliwa. Kisha mchanganyiko humiminwa katika ndoo ya pili na kukorogwa tena. Fundi akiruka hatua hii, resini iliyonata pembeni mwa ndoo ya kwanza ndiyo itakayobaki mabaka laini sakafuni, na mabaka hayo hayagandi hata yakisubiriwa mwaka.

Kuanzia hapo saa inahesabu. Epoksi hutoa joto inapoganda, na ikiwa nyingi ndani ya ndoo joto hilo hujilimbikiza hadi ikafuka moshi na kuwa jiwe. Imwagwe sakafuni mapema kwa mistari, isambazwe kwa mpira wa kukokotea, halafu rola ipite juu. Kwa rangi nyingi muda wa kufanyia kazi ni takriban nusu saa, na hupungua joto likizidi. Ni afadhali kuchanganya kidogo kidogo kuliko kumaliza mkebe kwa mkupuo.

Anayepaka aanzie ukuta wa nyuma na kumalizia mlangoni. Ushauri huu huonekana wa kitoto mpaka umsikie mtu aliyejifungia ndani kwa rangi.

Koti la pili kwa kawaida hupakwa ndani ya saa 24. Likichelewa, la kwanza hupigwa msasa kwanza. Kwa kuwa epoksi iliyolowa huteleza vibaya, mchanga laini mkavu wa silika hunyunyizwa juu ya koti lililo bichi, hasa karibu na mlango. Mtu huweza kutembea juu yake siku inayofuata, lakini gari lisubiri wiki nzima. Tairi lililotoka barabarani lina joto, hulainisha rangi isiyokomaa na kuishika. Linapopoa hunywea na kuing'oa.

Hesabu ya lita

Lita moja ya rangi isiyo na maji wala thina, ikitandazwa mita moja ya mraba, hutoa unene wa milimita moja. Koti la maikroni 250, ambalo ni robo milimita, hutumia lita moja kwa mita nne za mraba. Gereji ya mita 3 kwa 6 ina mita 18, kwa hivyo itahitaji lita nne na nusu kwa kila koti, na zaidi kidogo kwa lile la kwanza kwa sababu zege hunywa.

Hesabu hii humsaidia mnunuzi dukani. Akiambiwa mkebe wa lita nne utatosha mita 40, ajue unene ni maikroni 100 ikiwa bichi. Na ikiwa nusu ya rangi hiyo ni maji, kitakachobaki ni maikroni 50, karibu na unene wa unywele. Rangi kama hiyo hupendeza chumba cha kuhifadhia baiskeli, lakini haifai kuwekewa gari kila siku.

Isitoshe, epoksi haipendi jua. Mahali linapopenya mlangoni hugeuka manjano na kupoteza mng'ao. Koti la juu la poliurethani inayostahimili mwanga huzuia hali hiyo, ingawa lina kemikali zinazodhuru mapafu na halipakwi bila barakoa yenye vichujio vya mvuke. Mafuta ya breki nayo hula rangi. Yakidondoka yafutwe papo hapo.

Ngozi ya mpakaji

Wateja wengi hawaoni hatari ya epoksi kwa sababu anayeathirika ni fundi. Resini mbichi na kigumishi chake huweza kuufundisha mwili kuvikataa. Mtu hufanya kazi hii miezi au hata miaka bila dalili, kisha siku moja mikono, kope na shingo vinavimba na kuwasha. Mwili ukishafikia hapo haurudi nyuma. Hata tone dogo au mvuke hutosha kuamsha mwasho, na fundi hulazimika kuiacha kazi yenyewe.

Glavu za nitrili, mikono mirefu na miwani ya kukinga macho ni gharama ndogo ambayo mwenye nyumba anaweza kuiingiza katika bajeti badala ya kumwachia fundi. Rangi ikimgusa mtu, aioshe kwa sabuni na maji mara moja. Kunawa kwa thina, jinsi wapakaji wengi walivyozoea, huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuifungulia resini njia ya kupenya.

Masalio yasimwagwe mtaroni wala chooni. Resini na kigumishi vilivyobaki huchanganywa kwa kipimo kile kile, kidogo kidogo, nje ya nyumba, vikaachwa vigande, halafu hutupwa vikiwa vigumu. Mikebe mitupu na ndoo za kuchanganyia hazifai tena kuwekea maji wala unga, hata zikioshwa mara ngapi.